Habari za Motokaa Kuukuu katika Bukoba na Muleba

Mtu anayetafuta kununua motokaa yake ya kwanza ya kale, katika mji wa Bukoba au katika vilima vya Muleba, huitazama kwanza kwa jicho la mnunuzi. Huinama akachungua kama chesisi imeliwa na kutu. Hufungua boneti akaitafuta namba ya injini, ailinganishe na ile iliyoandikwa katika kadi. Hukanyaga breki, hutikisa usukani, kisha huuliza bei. Yote hayo yampasa. Lakini liko jicho la pili, nalo ni la mwanahistoria, na macho haya mawili hayapatani. Lile ambalo mnunuzi huliita ubovu, yaani kiraka cha bati, bolti isiyo yake, kiti kilichoshonwa upya kwa turubai, au injini ya kabila jingine kabisa, mara nyingi ndilo jambo la pekee katika motokaa ile lililotendeka Bukoba. Mengine yote yalitendeka Solihull au Sochaux, nayo yamekwisha kuandikwa katika vitabu vya huko.

Kwanza yafaa kupambanua maana ya maneno. Katika Uingereza, wapenzi wa motokaa waliounda chama chao mwaka 1934 walishika kwamba za kale hasa ni zile zilizoundwa tangu mwanzo wa 1919 hata mwisho wa 1930. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, halina ukali huo; kwake latosha gari lililotimiza miaka 30, likatunzwa katika hali inayopatana na historia yake, wala halitumiki kwa safari za kila siku. Kwa kipimo cha kwanza, mtu aweza kuzunguka mkoa mzima wa Kagera na asipate gari la kununua. Kwa kipimo cha pili angepata mengi, isipokuwa lile sharti la mwisho ndilo linaloleta taabu. Maana katika nchi hii gari la miaka 40, likiweza kwenda, huenda: hubeba ndizi, mbao, mchanga na watu wa msibani. Lisiloweza kwenda huwekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, migomba ikalizunguka. Basi mnunuzi hukuta moja ya mawili, mtumishi aliyechoka au maiti.

Ama jinsi motokaa zilivyofika Buhaya, haielezeki pasipo ziwa. Reli haikufika Bukoba katika enzi ya Wajerumani wala ya Waingereza, na hata leo haijafika. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Ile ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kwa hiyo chuma chochote kizito kilichoagizwa Ulaya kilishuka bahari, kikapanda gari moshi, kikapakiwa tena katika meli ya ziwani, ndipo kikashushwa Bukoba. Njia iliyoleta motokaa ndiyo iliyoleta na pistoni yake. Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo, mwenye motokaa katika Bukoba alikuwa mtu aliyezoea kungoja.

Kungoja huko hakukuwa kwa Wahaya peke yao. Mjerumani Paul Graetz, aliyetoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akiwa na motokaa iliyoundwa Gaggenau, alikusudia kuvuka Afrika hata Swakopmund. Alifika tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630, na sehemu kubwa ya siku hizo hakuwa akienda popote. Hakupita Bukoba, lakini yeyote aliyepata kukaa juma zima kando ya barabara ya Biharamulo kwa ajili ya chuma kimoja kilichokatika angeielewa safari yake vizuri kuliko walioisoma Berlin.

Fedha ya kununulia ilitoka katika kahawa. Wahaya waliijua kahawa kabla ya kuja Wazungu; walizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakazitafuna, na buni mbili za tunda moja zilitumika katika kufunga udugu wa damu. Upandaji wake ulikuwa chini ya mamlaka ya Wakama. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilihimiza mikahawa ipandwe kwa wingi, na zao lililokuwa la heshima likawa la soko. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, kilichojulikana kwa herufi BNCU, kiliundwa mwaka 1950, na bahati ya wakati ilikuwa pamoja nacho. Mwezi wa Julai 1953 baridi kali iliiunguza mikahawa ya Paraná katika Brazili, na mwaka uliofuata bei ya kahawa ulimwenguni ikapanda sana. Mkulima wa Kamachumu hakuiona Brazili, wala pengine hakupata kusikia jina la Paraná. Lakini mabati juu ya nyumba yake, ada ya mwanawe, baiskeli yake, na kwa wachache fungu lao katika lori la ubia, vyote vilikuwa na deni kwa usiku ule wa baridi.

Maneno haya, lori la ubia, yafaa kuangaliwa. Wako waandishi wanaosimulia habari za motokaa katika Afrika kana kwamba kila motokaa ilikuwa ya mtu mmoja aliyetaka kujionyesha. Fahari ilikuwako, hapana shaka, hasa kwa watawala. Lakini katika vijiji vya Ihangiro na Kianja motokaa ilikuwa kwanza chombo cha kushusha kahawa kutoka vilimani na kupandisha chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Na siku isiyokuwa ya kahawa ilikuwa machela ya kupelekea wagonjwa Ndolage au Rubya. Gari la namna hii lina wenyewe wengi kuliko majina yaliyomo katika kadi. Mnunuzi wa leo asiyelijua hilo hushangaa anapoona kwamba siku ya mapatano wamekuja wazee watano, na kila mmoja ana neno.

Miongoni mwa motokaa zilizokaa sana katika nchi hii, mbili zataka maelezo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza na kiligawiwa kwa kibali, bodi yake ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na chesisi peke yake, pamoja na sehemu chache, ikawa ya chuma. Dhiki ya Waingereza ikawa faida ya Bukoba, maana mvua inayonyesha kando ya ziwa hufika kama milimita 2,000 kwa mwaka, na alumini haili kutu kama chuma. Lakini faida hiyo ina hila ndani yake. Chesisi ile ni kama sanduku refu lililochomelewa, na tope likiingia ndani hukaa humo, likaila kutoka ndani kwenda nje. Tena mahali alumini inapogusana na chuma katika unyevu, alumini yenyewe huoza ikawa unga mweupe. Basi Land Rover ya Bukoba yaweza kuwa nzima machoni na mfu tumboni. Mnunuzi mwenye busara hubeba nyundo ndogo, akaigonga chesisi kwa chini, hasa upande wa nyuma. Palipo pazima hulia, palipooza hunyamaza.

Ya pili ni Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960. Jina lake lilienea Afrika Mashariki kwa sababu ya mashindano ya Safari, aliposhinda Nowicki mwaka 1963, kisha Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, mwaka 1966 na 1967, kisha Nowicki tena mwaka 1968. Injini yake imelazwa upande, na mkono wa gia uko kwenye usukani. Ile ya abiria haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa. Kutu ikiingia chini ya milango, gari zima limeingiwa. Kwa hiyo katika Muleba, ambako barabara hupanda vilima na kushuka katika mabonde yenye maji, 404 za abiria zilikufa mapema kuliko Land Rover. Na iliyobaki hata leo ina habari ya pekee, maana lazima yuko mtu aliyeipigania.

Mapigano yenyewe yalikuwa hasa katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na hapa ndipo historia ya fundi wa Bukoba inapotengana na historia ya fundi wa kwingineko. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa iliingia mikononi mwa umma, na baadaye uagizaji wa magari ukawa kazi ya shirika la State Motor Corporation. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Vyama vikuu vya ushirika, pamoja na kile cha Bukoba, vilivunjwa mwaka 1976. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo. Spea zilizozoea kutoka Nairobi kupitia Kisumu zikakoma, na mpaka haukufunguliwa hata mwisho wa 1983. Upande wa kaskazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, mitambo na magari, na daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ilipokusanya nguvu za kumfukuza, malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kwenda vitani kubeba askari na risasi. Kisha vita vilipokwisha mwaka 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni. Kwa miaka kadhaa ilikatazwa hata kuendesha gari la binafsi siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili mafuta yasiishe.

Fikiri basi hali ya fundi makanika katika siku zile. Mashariki ana ziwa na meli chache. Magharibi na kaskazini ana mipaka yenye shida. Dukani hamna kitu. Mteja amelileta lori lisilowaka, na kahawa imo ghalani. Fundi hakuweza kusema, "Ngoja spea." Alikata gasketi katika karatasi nene iliyolowekwa mafuta. Alichonga bushi katika mpira wa tairi lililokwisha. Alitoa jani la springi katika lori moja akalikata na kulitoboa liingie katika jingine. Chuma kilichochakaa alikijaza kwa kuchomelea, kisha akakikereza hata kikarudi kipimo chake, ikiwa mashine ya kukereza ilipatikana. Isipopatikana, alitumia tupa na subira. Betri ikifa, Land Rover iliwashwa kwa hendeli. Na injini ilipokataa kabisa, walishusha injini yote na kutia nyingine iliyotoka katika gari la namna nyingine, wakikata na kuunga vishikizo vyake mpaka ikae. Desturi hiyo haikukoma. Land Rover nyingi za Tanzania leo zinakwenda kwa injini za Kijapani.

Kazi hizi zimepewa jina la dharau, kana kwamba ni ufundi wa ovyo, na si haki. Fundi anayefunga kipuri kilichotoka kiwandani afuata akili ya mwingine. Anayekitengeneza kipuri hicho katika chuma chakavu hana budi kuijua kwanza kazi yake, nguvu inayopita ndani yake, na mahali kitakapokatika. Vijana walijifunza hayo pasipo kitabu. Kijana alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumshikia mzee wake spana. Akiitwa usiku kwenda kuokoa lori lililokwama Nshamba, aliamka. Baada ya miaka aliruhusiwa kufunga breki, na kuruhusiwa huko ndiko kulikokuwa cheti chake.

Tangu mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji, watu wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuleta bidhaa, na miaka iliyofuata ikaleta motokaa zilizotumika Japani. Gari la Kijapani lilikuwa rahisi, liliwaka kila asubuhi, na spea zake zikajaa madukani. Hapana wa kumlaumu mkulima aliyefurahi. Lakini motokaa zile zilizopigana katika miaka ya dhiki zikapoteza thamani kwa ghafula, na sasa ziko katika hatari ambayo hazikuijua hata wakati wa vita. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani. Chesisi hukatwa ikapelekwa kuyeyushwa. Bodi ya alumini huwafaa zaidi wafua sufuria, wanaoiyeyusha na kuimimina katika kalibu za udongo. Yamkini iko nyumba katika Muleba ambamo maharage yanachemka leo katika mlango wa Land Rover iliyompeleka bibi wa nyumba ile hospitali kuzaliwa.

Kwa upande mwingine, mapenzi ya motokaa za kale yameanza kurudi. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha, wakafanya msafara mkubwa. Jijini Nairobi, tangu mwaka 1970, yako mashindano ya uzuri wa magari, ambamo waamuzi hutazama usafi wa injini, rangi, na hata chini ya gari. Hayo ni mashindano ya heshima, nayo yameokoa motokaa nyingi. Lakini yakichukuliwa kuwa kipimo cha pekee, yatamfundisha mnunuzi mpya wa Bukoba jambo la hatari: kwamba kutengeneza gari la kale ni kulirudisha katika siku lilipotoka kiwandani. Atakata viraka vyote, ataagiza kwa gharama kubwa milango na viti vya Uingereza, ataitupa injini iliyofungwa mwaka 1980 na kutafuta ya asili. Na mwisho wa kazi atakuwa na Land Rover safi kama zile zilizojaa katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Itakuwa nzuri. Ila haitakuwa imepata kufika Bukoba.

Hata FIVA yenyewe haifundishi hivyo. Katika Mkataba wa Torino, iliouidhinisha mwaka 2012 kwa kufuata mfano wa Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 juu ya majengo ya kale, imekubaliwa kwamba kuhifadhi ni bora kuliko kufanya upya, na kwamba mabadiliko yaliyoingia katika maisha ya gari ni sehemu ya historia yake. Walioandika hayo walikuwa na fikira za magari ya Ulaya. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo neno lao lina uzito kuliko hapa, ambapo mabadiliko ni mengi kuliko asili.

Lakini jicho la mwanahistoria nalo lina upofu wake. Barabara zinazoshuka kutoka uwanda wa Kamachumu hazimhurumii mtu mwenye breki mbovu, na bomba la breki lililoungwa kwa ustadi mwaka 1981 si hati ya kufia. Chesisi iliyooza haina budi kukatwa. Breki, usukani, ekseli na matairi ni haki ya abiria na ya mpita njia, na mwanahistoria hana neno juu yake. Mgogoro wa kweli uko katika mengine: kiraka cha bodi ambacho hakimuumizi mtu, kiti cha turubai, rangi iliyopakwa kwa brashi, kibao cha namba kilichotangulia hizi zinazoanza kwa herufi T, injini ngeni ambayo bado inakwenda. Hayo yafaa kuachwa mahali pake. Na kinacholazimika kutolewa, kipigwe picha kikiwa bado mahali pake, kifungiwe kipande cha karatasi chenye jina la kitu, mahali kilipotoka na siku kilipotolewa, kisha kiwekwe katika sanduku. Gharama yake ni kalamu na uzi.

Kazi iliyo ngumu ni kuuliza, na wakati wake ni kabla ya bei kukatwa. Kwa kawaida kadi ya gari la namna hii ina jina la marehemu. Mnunuzi hawezi kuandikishwa kuwa mwenyewe mpaka apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kikao cha ukoo kinachomteua huchukua siku nyingi. Wanunuzi huziona siku hizo kuwa hasara. Kumbe ndizo siku ambazo wote waliolijua gari wamekaa mahali pamoja, tena wanabishana juu yake: nani alilipa fungu gani, lilitoka Mwanza kwa meli ipi, nani alilificha porini lisichukuliwe, fundi gani aliliunga. Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipokwisha, akishika spana, sasa amepita miaka 65, na baadhi yao wako bado Bukoba mjini, Kemondo na Muleba. Mkono wake wa kuchomelea anaujua mwenyewe. Ukimwonyesha kiraka atakwambia kama ni chake.

Na karatasi zipo. Kadi za zamani, risiti za bima, vibali vya mafuta na daftari la matengenezo aghalabu hukaa katika sanduku moja na stakabadhi za kahawa za chama cha msingi, kwa kuwa fedha ya hizi ilitoka katika hizo. Gari likiisha kuuzwa, warithi huliona sanduku halina kazi tena, na mara nyingi huachwa hapohapo, kando ya mawe manne yaliyobaki uwanjani.